Nimemkalisha mama na mkwewe benchi moja

Leo nimemkalisha mama wa watu benchi moja na mume wa binti yake. Nichekeni tu, tumalize.

Kesho nawasilisha ramani yangu ya maana za maneno, ile ambayo maneno yenye maana za karibu hukaa karibu: Kisukuma, Kisumbwa, Kiswahili. Yalibaki "aibu" na "heshima". Mama Kulwa, jirani yangu hapa Kalangalala, ni Msukuma. Mkwewe ni Msumbwa. Nikajiona mjanja, nikawaita pamoja.

Mama akajifunika kanga usoni.
Kijana akageukia ukuta.


Nikadhani wanaogopa kurekodiwa. Mimi, Msukuma mzima!

"We binti," mama akasema ndani ya kanga, "kwenu hamna wakwe?"

Kijana akatoka mbio, akasimama nyuma ya nyumba. Kutwa nzima nimezunguka huku na huku kama mshenga.

Mwishoni nikamuuliza mama: mlivyokwepana vile, ni aibu au ni heshima?

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Nikazunguka tena kwa kijana.

"Dada, hapo unatenganisha nini?"

Kwenye ramani yangu, hayo mawili yako pembe mbalimbali kabisa. Nimechoka, jamani. Nafuta, nachora upya.

Kwenu yanakaa wapi?