Kipimio Kilichonyamazishwa

Watu wa chuo husema Watiri ni mpole. Wanasema hivyo kwa sababu hawajawahi kupanda gari naye. Mimi ni dereva wa chuo chetu hapa Nyeri, naitwa Dedan, na kwa miaka mitatu nimempeleka Wang'uru karibu kila Jumanne. Redio haruhusu. Kula ndani ya gari haruhusu. Tukifika Kagio nikitaka kusimama dakika mbili ninunue nyanya za nyumbani, hasemi hapana, anaangalia saa tu, na mimi nakanyaga mafuta nikinung'unika. Kwa hivyo nikimsifu hapa msidhani ni kwa kupenda kwangu. Nimelazimika.

Ni fundi wa maabara, mzaliwa wa Gatitu na bado anaishi Gatitu. Miaka kumi na tisa amekuwa akiwalehemia wanafunzi nyaya zao. Wanamletea kifaa kimekufa asubuhi, jioni kinawaka, wanapita mtihani, wanavaa majoho na kwenda zao Nairobi. Shahada yake ya kwanza aliisoma jioni, baada ya kazi. Alipofika miaka arobaini na mmoja akaanza ya uzamili. Binti yake Njoki alimcheka kwanza, kisha akamnunulia mkoba wa kubebea kompyuta. Chuo humpa mtu miaka sita ya kumaliza. Ikiisha hujamaliza, jina lako linafutwa, na hakuna wa kumlilia.

Utafiti wake ulikuwa huko Wang'uru, Mwea, kwenye mpunga. Maji ya mashamba hugawanywa kwa zamu, na zamu zilikuwa zikileta vita. Mwenye mdomo mkubwa alipata maji, mwenye haya alibaki na matope. Watiri akatengeneza vipimio ishirini na vinne, kila kimoja kadiri ya kikombe cha chai, akavisimamisha juu ya fito, kimoja kwa kila shamba kando ya mfereji mmoja. Kila kipimio hupima maji yaliyo chini yake na kuzungumza na majirani zake kwa mawimbi ya redio, bila waya. Hakuna kilicho mkubwa wa kuamrisha vingine. Jirani humwambia jirani, habari ikapita hivyo hivyo hadi kwenye ubao wa taa uliotundikwa katika kibanda cha Muriithi, mgawa maji. Taa ya kijani, shamba lina maji. Taa nyekundu, lipelekewe.

"Sasa kimoja kikiharibika kianze kudanganya?" nilimwuliza siku moja.

"Wenzake watakijua," akasema. "Kikisema tofauti na majirani zake wote kwa siku tatu, wanaacha kubeba maneno yake. Wanakisemea wao, kwa maji wanayoyaona kwao."

"Kama kamati ya kanisa letu."

Hakucheka.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa utafiti wenyewe: vifaa vidogo visivyo na mkubwa, vikikubaliana vyenyewe na kumnyamazisha aliye mgonjwa. Ilibidi iende msimu mzima bila kuguswa na mtu. Ukiigusa katikati, hesabu zote za msimu zinakuwa bure, unaanza tena. Na yeye hakuwa na msimu mwingine. Ulikuwa mwaka wake wa sita.

Mwanzoni mwa msimu huo kipimio cha kumi na saba kilikatika ghafla. Tulipofika tukakuta kimefunikwa na sufuria. Mwenye shamba ni mjane wa miaka kama sabini, Cucu Nduta, yaani Bibi Nduta, na mvua ilikuwa imenyesha usiku, akakionea huruma kile kifaa kisilowe. Sasa mawimbi hayapiti kwenye sufuria. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo akaitwa Cucu Sufuria mfereji mzima. Watiri hakumkaripia. Alikaa naye kwenye tuta, akamweleza taratibu, akamshukuru kwa nia yake. Nilishangaa, maana mimi angenila mzima. Lakini tukiwa njiani kurudi alisema, "Hicho cha kumi na saba kitanisumbua mpaka mwisho." Alisema kwa mdomo wake, nami nilisikia.

Ilifika Novemba, mpunga unachanua, zimebaki siku kumi na mbili jaribio liishe. Jumanne hiyo tulimkuta Cucu Nduta mbele ya kibanda cha Muriithi, ameketi chini, leso imemtoka kichwani na hata hajali.

"Mwarimu, mpunga yangu inakufa," akamwambia Watiri. "Siku nane maji hakuna."

"Cucu, ati maji hakuna na taa yako iko kijani?" Muriithi akasema, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Angalia mwenyewe. Namba kumi na saba. Iko na maji."

"Hiyo taa haikai kwa shamba yangu. Mimi ndio nakaa."

Watu wawili watatu waliokuwa pale wakacheka. Mmoja akauliza kama amekifunika tena. Nami nilicheka kidogo, sitaficha.

Watiri alivua viatu akaingia shambani. Nilimfuata kwa sababu alikuwa ameniachia kompyuta niibebe. Tulipofika namba kumi na saba hakukuwa na tope la kuzama. Ardhi ilikuwa imepasuka, na nyufa za kuingia kidole. Alipiga magoti akatembea hivyo kando ya tuta, akipapasa kwa mkono, mpaka akapata mashimo ya panya, manne, yote yakielekea mashamba ya chini ya majirani. Maji ya Cucu Nduta yalikuwa yamepita usiku usiku yakaenda kwa wenzake. Mashamba yaliyomzunguka yalijaa mpaka juu, vipimio vyao vikasema maji yapo, na cha kumi na saba kikasema hakuna. Siku tatu za kwanza kilisikilizwa, ila wenye taa nyekundu walikuwa wengi na zamu haikumfikia. Baada ya hapo vingine vikakisemea.

Alikifungua, akakipima, akakifunga. Kilikuwa kizima kabisa.

"Dedan, hiki kimesema ukweli siku nane," akaniambia. "Mimi ndiye niliyekiziba mdomo."

Tukaziba mashimo kwa udongo, mimi na suruali yangu ya kazi. Lakini shamba lilikuwa tayari limekauka, na mpunga ukikosa maji wakati wa kuchanua, mwezi ujao unavuna makapi. Watiri akarudi kwa Muriithi akamwomba afungue maji ya namba kumi na saba.

Muriithi alivua kofia. "Mwarimu, nakuheshimu sana. Lakini tulipatana kwa mkutano, maneno ya mdomo hakuna tena. Ni ubao tu. Leo nikifungua kwa sababu mtu ameniambia, hata kama huyo mtu ni wewe, kesho niko na watu ishirini na tatu hapa na majembe. Unakumbuka vile ilikuwa."

Na alikuwa na haki. Mkutano huo Watiri mwenyewe ndiye aliyeuomba. Alikuwa amesimama mbele ya wakulima akawaambia mtu anaweza kudanganya, vipimio ishirini na vinne vikikubaliana haviwezi.

"Zamu yake ni lini?"

"Kama taa ni kijani, siku tisa."

Nilimvuta kando. Nilimwambia, "Madam, siku kumi na mbili tu. Umengoja miaka sita. Mpunga wa ekari moja hauwezi kukuangusha. Tutamsaidia Cucu baadaye, hata mimi nitatoa." Nilisema kwa nia njema, na bado naamini wengi wenu mngesema hivyo hivyo.

Aliketi kwenye ukingo wa mfereji, miguu majini, akafungua kompyuta juu ya magoti. Saa mbili nzima aliandika. Kanuni mpya ilikuwa fupi, alinisomea: kipimio kinachotofautiana na wenzake kisinyamazishwe tena, taa yake iwe nyekundu, na mgawa maji aende akaone kwa macho yake. Kisha akabonyeza.

Kipimio cha karibu kilipokea, kikawaambia majirani zake, nao wakawaambia majirani zao. Umbea wa sokoni haukimbii vile. Kabla sijamaliza kufuta matope kwenye viatu, vyote ishirini na vinne vilikuwa vimebadilika, na hapakuwa na namna ya kuvirudisha.

Kibandani taa ya kumi na saba ikawa nyekundu. Muriithi aliitazama, akachukua ufunguo wa lango, akaenda shambani, akaona, akafungua maji. Cucu Nduta alikuwa amesimama katikati ya mpunga wake. Maji yalipomfikia miguuni alimgeukia Watiri akamwuliza, "Na wewe, mwarimu, umekula?"

Hapo ndipo Watiri alipolia. Alilia kwa sauti, na mimi nilijifanya natafuta funguo za gari.

Tulipofika Kagio aliniambia, "Simama, kanunue nyanya zako."

Kesho yake nilimpelekea ripoti ya gari Daktari Seth, msimamizi wa utafiti wa Watiri, mtu wa Kakamega asiye na maneno mengi. Nilimkuta Watiri amesimama mbele ya meza yake. Daktari Seth alikuwa amevua miwani.

"Msimu umekwenda, Watiri," alisema. "Kazi uliyoifanya jana ni bora kuliko ile ya kwanza. Lakini haina hata siku moja ya hesabu nyuma yake."

Akampa fomu ya kuomba mwaka wa ziada, akatoka kwenda darasani. Watiri aliisoma, nami nikaisoma begani mwake. Chuo kilikubali sababu tatu tu: ugonjwa, msiba, au mtu wa nje kuharibu vifaa vya utafiti.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. "Ya tatu!" nikamwambia. "Andika mkulima aliingilia vifaa. Ni shamba la nani, si la Cucu Nduta? Kila mtu ataamini bila kuuliza. Na yeye hata hatajua, fomu haifiki Wang'uru."

Nilidhani atanifokea kama kawaida yake, na afadhali angefoka.

"Dedan," akasema, "huyo nimeshamnyamazisha mara moja."

Palipoandikwa jina la aliyevuruga utafiti aliandika lake, majina yote matatu, kwa herufi za kusomeka. Ombi lilikataliwa. Mwezi wa kwanza jina lake likafutwa. Nilikaa wiki nyingi nikiona haya kumtazama kwenye kioo cha gari, maana nilikuwa tayari kumwuza mama mzee kwa mstari mmoja wa kalamu, tena nikijiona mwema.

Septemba akajiandikisha upya. Mwaka wa kwanza, namba mpya, masomo yote tangu mwanzo, na kazi yake ya maabara mchana kama kawaida. Jioni ya kwanza nilikuwa nimetumwa kupeleka projekta darasani, nikaona. Mwalimu wa somo alikuwa Anita, msichana ambaye Watiri ndiye aliyemfundisha kushika chuma cha kulehemu alipokuwa mwanafunzi hapa. Anita akaanza kuita majina, moja baada ya jingine, vijana wakiitikia bila kuinua vichwa kwenye simu. Akafika kwa jina moja akanyamaza. Alitazama karatasi, akatazama mstari wa mbele, mdomo wazi, hajui amwite nani na amwiteje.

"Niko, mwalimu," Watiri akasema.