Karatasi ya Mzigo wa Jirani

Lori tupu barabarani lilikuwa likinikera kuliko mtu wa kunitukana. Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa usafirishaji katika kampuni moja ya Industrial Area, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita. Kazi yangu ilikuwa kupanga lori lipi liende wapi, libebe nini, lirudi na nini. Tulikuwa na moja lililokwenda magharibi kila wiki kuchukua sukari kiwandani. Kurudi, lilirudi limejaa mpaka springi zinalia. Kwenda, lilikwenda na dereva na turubai, basi. Nilimwambia bosi mara nyingi kwamba tunasafirisha hewa, naye alicheka tu.

Kiburi nilikuwa nacho, sifichi. Hakuna katoni iliyowahi kupotea mikononi mwangu. Chochote kilichopanda lori kiliandikwa kwenye karatasi ya mzigo: mtumaji nani, mpokeaji nani, mzigo gani, vipande vingapi. Karatasi ya kwanza, nyeupe, ilibaki kwetu. Nakala ya waridi iliyotoka chini ya kaboni alipewa mpokeaji. Mteja aliyekuja kunibishia, nilimfungulia faili nikamwonyesha saini yake mwenyewe.

Nilikaa kwenye nyumba za safu karibu na Jogoo Road. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja mshonaji wa sare za shule, mwenye watoto wawili. Cherehani yake ya miguu ilikaa mlangoni ili apate mwanga, na asubuhi niliamka kwa mlio wake. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha blanketi, na nyumba yao ilikuwa ya kiwanda. Jumapili yule bwana alinisaidia kubeba meza. Jumatatu kifua kikambana. Alhamisi akawa marehemu. Niliposikia kilio ukutani nilidhani ni redio, na nilipojua si redio nilikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nisijue cha kufanya nacho.

Watu wa kwetu wakaanza kukutana nje ya mlango wake kila jioni. Mwili lazima urudi nyumbani, magharibi, hilo halina mjadala, na vyombo vyote pia, kwa kuwa kiwanda kilitaka nyumba yake. Wakakwama kwenye suala la gari. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema lori lipo, na linakwenda tupu. Wazee wakanishukuru mpaka nikaona haya. Bosi alikubali, kwa masharti mawili: mimi niliyeliomba niende nalo, na kila kitu kiandikwe, pamoja na watu, maana polisi wa barabarani wangeuliza.

Asubuhi ya kupakia, binamu za marehemu walibeba na mimi niliandika. Mama yule alinijia kando, leso imemfunika mpaka machoni, akasema kwa sauti ya chini, "Dadangu, cherehani iache kwako. Nitaipitia."

Nilidhani anaogopa itavunjika. Mungu anisamehe, nilijipiga kifua. "Kwenye lori langu hakijavunjika kitu hata siku moja," nikamwambia. Nikaita wanaume wawili, nikaamuru cherehani ifungwe kwa magodoro na iwekwe nyuma ya kebini kabisa, mahali salama kuliko pote. Yeye alinitazama, akatazama binamu wale, akarudi kwa watoto wake. Nikaiandika mstari wa pili, chini ya jeneza.

Kisha nikauliza nani atapokea. Binamu mmoja akajibu, "Kaka mkubwa wa marehemu." Nikaandika jina lake. Kwenye mtumaji nikaandika kampuni yetu, kama nilivyozoea. Haikunijia kuuliza mali ni ya nani, kwa sababu karatasi zetu hazikuwa na nafasi ya swali hilo. Mstari wa mwisho ulikuwa wa watu: kebini, mjane mmoja, watoto wawili. Nikapiga mhuri.

Tulifika alasiri. Waombolezaji wengine walikuwa wametangulia kwa basi. Kaka mkubwa alikuwa karani wa stoo maisha yake yote, na ilionekana. Alitoa kalamu mfuko wa shati, akasimama nyuma ya lori akihesabu kila kilichoshuka, hata sufuria alizifunua vifuniko. Akaandika, "Nimepokea vyote vikiwa salama," akatia saini. Nilimpenda papo hapo. Nikampa nakala ya waridi, akaikunja mara nne kwa heshima. Cherehani ilipelekwa nyumbani kwake, eti isinyeshewe. Dereva, mzee mmoja wa Machakos asiyependa maneno mengi, akaondoka kwenda kupanga foleni ya sukari, akaahidi kunipitia baada ya mazishi.

Tulizika siku iliyofuata. Kesho yake asubuhi ukoo ukaketi kugawa vitu vya marehemu. Mimi nilizaliwa Nairobi, nyumbani nilikwenda Disemba kula kuku, na mambo hayo niliyajua kwa kusikia. Niliketi pembeni na wanawake nikimenya viazi. Kaka mkubwa akasimama, akaikunjua ile karatasi ya waridi, akaanza kusoma.

Alisoma maneno yangu. Mpangilio wangu, vipande vyangu, hata makosa yangu. "Kabati moja, kioo kizima." Akataja wa kulichukua, akatia alama ya vema. "Viti vinne, kimoja mguu umeungwa." Alama. Kisu kilisimama kwenye kiazi.

"Cherehani moja ya miguu, meza yake na droo mbili," akasoma. "Hii inabaki kwangu. Mke wangu atajifunza."

Mama yule akasema, "Hiyo ni yangu. Niliinunua kabla hamjanioa. Ndiyo nitakayorudi mjini kulishia watoto."

Shemeji yake hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha. Aliinama juu ya karatasi, akapitisha kidole kwenye mtumaji, akapitisha kwenye mpokeaji, mistari yote, upande wa mbele na wa nyuma. Alitafuta kwa dhati. "Jina lako liko wapi hapa?" akamuuliza.

Halikuwepo. Karatasi nzima niliiandika mimi, na jina lake sikuliandika hata mara moja.

Nikainuka, maganda yakaniporomoka mapajani. Nikasema karatasi ile ni ya barabara, si ya mali. Mzee mmoja akaniuliza, "Binti, nani aliandika?"

"Mimi."

"Uliandika uongo?"

"Hapana, baba."

"Basi keti."

Nikaketi. Ndipo nilipoelewa alichoniomba mama yule mtaani mbele ya binamu wale. Hakuogopa cherehani kuvunjika. Aliogopa mimi nitaifikisha.

Nikadhani yamekwisha. Lakini kaka mkubwa alikuwa mtu wa kumaliza ukurasa. Akashuka hadi mstari wa mwisho. "Mjane mmoja, watoto wawili," akasoma kwa sauti ile ile ya kabati na viti. Akainua macho, akawatafuta, akawaona. "Wapo." Akatia alama ya vema.

Nimeona ajali za lori. Nimemwona mtu akitolewa chini ya gurudumu. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwa alama ile ndogo. Wazee waliitikia kwa kichwa, na mmoja akaanza kueleza nani atamwangalia mama, na watoto wataingia shule gani pale kijijini. Mama yule hakulia. Watoto walikuwa wameegemea magoti yake, mdogo anakula muwa.

Honi ya lori ikalia barabarani. Dereva alikuwa amerudi na sukari yake. Mama yule akasimama, akamshika mtoto huku na mtoto huku, akavuka uwanja mbele ya wanaume wote mpaka nilipoketi.

"Wewe ndiye uliyetuandika," akaniambia. "Tufute."

Nikafungua zipu ya mkoba. Nikatoa karatasi nyeupe, nikaiweka juu ya beseni la viazi lililofunikwa, nikaukata mstari wa mwisho kwa kalamu. Nikatia saini pembeni, kama inavyotakiwa ukisahihisha.

Kaka mkubwa akaja mbio. "Yangu haijafutwa," akasema, akinyoosha ile ya waridi.

"Yako ni kaboni," nikamjibu. "Hii ndiyo ya kwanza."

Alikuwa karani wa stoo, alijua. Kalamu yangu ilipanda hadi mstari wa pili, kwenye cherehani, ili nayo niikate. Akanizuia kwa neno moja ambalo mimi mwenyewe nimewaambia wateja wangapi sijui. "Hiyo imeshashuka," akasema. Ilikuwa nyumbani kwake, mlango umefungwa, saini yake iko chini. Mama yule akaniambia twende, kabla hawajafikiri vizuri.

Tukapanda. Watoto waliwekwa kwenye kitanda cha dereva nyuma ya viti. Mama alikaa kati yetu, mikono juu ya mapaja, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe, kama unakanyaga kitu. Niliutazama mguu ule nikataka kumwomba msamaha, nikaishia kufunga kioo cha mlango.

Dereva akavuta karatasi ya sukari kutoka juu ya dashibodi, akachomoa kalamu. "Madam, polisi watauliza," akasema. "Hawa niwaandike mstari gani?"

Mama yule ndiye aliyemjibu, akitazama mbele barabarani.

"Usituandike, mzee."

Akairudisha kalamu mfukoni, akatia gia.