Chuma cha Bawaba

Tangu lile sanduku jekundu lishuke ng'ambo ya barabara, Fundi Kiraka hakupata kulamba asali ikawa tamu. Msinicheke, wivu ni kama mchanga ndani ya gololi: hauonekani, lakini gurudumu zima linalia.

Sanduku lilikuwa la fundi baiskeli mwenzake, na yeye mwenyewe watu walikuwa wameshaacha kumwita kwa jina, wakamwita Sanduku tu. Wawili hawa walifundishwa na fundi mmoja, wakalala chumba kimoja, wakagombea tupa moja. Kisha shemeji yake Sanduku akarudi kutoka mbali na zawadi: spana za kila namba, zimelala kwenye vitanda vyao vya sponji kama vichanga, na katikati yao vifaa maalumu vya kubana, vya kufungua, vya kuvuta, kila kimoja na kazi yake. Kila asubuhi Sanduku alilifungua pole pole, mdomo wake ukiangalia barabarani.

"Anafungua duka au anafungua bibi harusi?" Kiraka alimwuliza mkewe.

Mkewe, mshonaji aliyeshona palepale kibandani, hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Na wewe unaangalia duka au unaangalia bibi harusi?"

Kiraka hakuwa na sanduku. Alikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na vijiko viwili alivyopinda ncha kwa ajili ya kutolea tairi (mkewe alivitafuta wiki nzima kabla ya kukubali kwamba havirudi jikoni), kipande cha nyororo kuukuu alichokipigilia kwenye mpini wa jembe ili kushikia gia isizunguke, na jiliwa la seremala, lile la kubania mbao, alilolibadilisha taya likawa kifaa cha kusukumia pini za pedali bila kuzipiga nyundo. Vyote vilifanya kazi. Lakini hakuna mteja aliyewahi kusimama kutazama ndoo.

Wateja wa zamani walivuka mmoja mmoja. Mwenye duka la nafaka akavuka. Mwalimu wa hesabu akavuka, akapunga mkono kabisa, kana kwamba anasafiri. Mteja aliyebaki ni mkunga mstaafu na baiskeli yake ya kale, bibi mwenye sauti kubwa, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, watoto wa Kiraka wakiwemo. Baiskeli yake nyeusi ilikuwa nzito kama mlango wa benki, nayo ilikuwa ikikwama na kugugumia kila alipokanyaga.

Kiraka alitoa mkono wa pedali, akatoa ekseli, akaingiza kidole. Kile kikombe cha chuma kinachokaa ndani ya fremu upande wa nyororo, ambamo gololi huzunguka, kilikuwa kimelika hadi kikachimbika shimo. Bwana mkubwa aliyewafundisha alikuwa na neno moja juu ya kikombe hicho: usikiguse. Paka grisi, badilisha gololi, pita. Kwa miaka yote Kiraka alikuwa amepita. Safari hii hapakuwa na pa kupitia.

"Jumamosi mchana," alisema mkunga. "Nina mjukuu wa kwenda kumwona, na miguu yangu haina tena hamu ya barabara. Ukishindwa, mwanangu, usione aibu. Naivusha ng'ambo."

Naivusha ng'ambo! Kiraka akaingiza tena kidole kwenye lile shimo.

Kikombe kile kina sehemu mbili bapa, nyembamba, za kushikwa na spana pana ya aina yake. Sanduku alikuwa nayo. Ilining'inia peke yake kwenye ukuta wake, inang'aa. Kwenda kuiomba? Afadhali angemwomba mkewe vijiko vingine. Kiraka akaenda kwa mchomea vyuma, akachagua kwenye mabaki bawaba ya geti iliyovunjika, chuma kizito cha bapa. Akaanza kukata kwa msumeno na kusugua kwa tupa, siku mbili, mpaka mwanya ukaingia kwenye zile bapa bila hata nafasi ya kupitisha unywele. Na kwa sababu chuma kama hicho hupenda kuteleza, akapitisha boliti ndefu katikati ya kikombe, washa kubwa huku na huku, akakaza nati. Sasa bawaba imeshikwa, haina pa kukimbilia.

Lilibaki swali moja: kikombe kinafunguliwa kwa upande gani? Alijua kuwa hesi za upande ule, ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, zina ukorofi wake, hakujua ukorofi gani. Bwana mkubwa hakusema, na sasa yuko kaburini.

Basi Ijumaa asubuhi Sanduku alisimamisha baiskeli ya mteja wake barabarani, akasimama nyuma ya baiskeli, uso ukielekea kwa Kiraka, akaishusha spana yake ukutani. Kiraka akajifanya anafagia. Alifagia mahali pamoja mpaka udongo ukakaribia kuota shimo. Akaona kwa macho yake: mkono wa spana ulianza juu, ukaenda kushoto. Trak! Kikombe kikaachia.

"Asante kwa darasa," Kiraka alinong'ona, akaweka ufagio.

Akavisha bomba refu kwenye bawaba, akalielekeza kushoto, akalala juu yake kwa uzito wake wote. Kimya. Akaongeza mafuta. Akaongeza kifua. Akamwita mchomea vyuma, naye akalala juu yake. Kufikia jioni bomba lilikuwa limepinda kidogo kama mtu anayesikiliza, na kikombe hakijasema kitu.

"Mbona mna kelele za kuzaa?" Sanduku alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Mwiteni mkunga!"

Mtaa ukacheka. Kiraka pia alicheka, kwa meno tu.

Jumamosi asubuhi mkewe alikuwa akimpima mteja kanzu, wamesimama uso kwa uso. "Nyoosha mkono wa kulia. Siyo huo, mama, huo ni wa kulia kwangu. Wa kulia kwako." Kisha akamgeukia mumewe aliyekaa juu ya ndoo ameshika tama. "Na wewe, tangu jana unasukuma nini?"

Akamweleza. Alivyomwona Sanduku, alivyoiga.

"Ulikuwa wapi ulipomwona?"

"Hapa."

"Na yeye?"

"Kule, nyuma ya baiskeli, ananitaz—" Akainua mikono yake miwili akaitazama, kama mtu aliyepewa mikono ya kuazima.

Siku nzima alikuwa akikaza. Yeye na mchomea vyuma, wanaume wazima wawili, wamekaza kikombe ambacho tangu kizaliwe hakijawahi kukazwa namna ile.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Nimwambie nani? Nina kanzu hapa," mkewe alijibu, na bega lake likatikisika kwa kicheko.

Kiraka akageuza bomba upande wa kulia. Jasho likamwingia machoni. Mara ya nne kikombe kikalia trak, sauti kubwa kuliko ile ya jana, na jambo la kwanza alilofanya Kiraka, kabla hata ya kutazama alichokifungua, ni kutazama ng'ambo. Hapakuwa na mtu. Sanduku alikuwa ndani. Furaha ikapungua nusu.

Akafungia kikombe kizima alichokitoa kwenye fremu chakavu ya baiskeli nyingine, gololi mpya, grisi. Mchana mkunga akaja, akapanda, akazunguka uwanja mdogo mbele ya kibanda, akarudi kimya. Baiskeli pia ilikuwa kimya.

"Haisemi kitu," akasema mkunga. "Kama mume mwenye kosa."

Hapo ndipo Sanduku alipovuka barabara, mikono mfukoni. "Nasikia umekifungua. Kwa kutumia nini?"

Kiraka alikuwa ameshatupa kitambaa juu ya bawaba. "Mikono tu, ndugu yangu. Siri ya—"

"Amefungua na hilo dude lililo chini ya kitambaa," alisema mkunga kwa sauti yake ya wodini. "Nimeliona nilipofika: boliti na washa mbili. Mwonyeshe, usiwe mchoyo."

Sanduku akaokota bawaba, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mwanya. Hakucheka. "Inabanwa na boliti," alisema taratibu. "Spana yangu kwenye hizi za kale huteleza. Ninayo baiskeli moja ya hivyo, mwezi wa tatu sasa, nimeshakikwangua kikombe chake kona zote. Niazime, Kiraka. Kesho asubuhi nakurudishia."

Kiraka alihisi utamu ukimpanda kutoka nyayoni. Akaichukua bawaba, akaifuta vizuri.

"Siazimishi," alisema. "Ilete baiskeli hapa."

"Sasa hivi? Mchana huu, watu wote hawa?"

"Sasa hivi."

Mkewe akasonya kwa nguvu mpaka sindano ikasimama. Lakini Sanduku alikuwa ameshageuka, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ukamwona akiivusha barabara baiskeli mbovu, akiikokota kwa mkono mmoja, na Kiraka akisogeza ndoo yake mbele kidogo, hadi ukingoni kabisa, ili ionekane kwa kila apitaye.