Mwalimu Aliposema Song

Mkono wangu wa kulia uligoma mwezi wa Ramadhani. Miaka ya kuvuta kamba za marobota ya nguo sokoni Zhanqian, ugenini kwa Wachina, ilikuwa imejikusanya begani, na asubuhi moja nikashindwa kuufikisha hata sikioni. Tangu siku hiyo nikawa nafungwa mtandio na shoga yangu, niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja mtaa wa Xiaobei. Alikuwa mwema, pini mdomoni na bado anaongea. Mimi nilisimama mbele yake nimenuna. Mtu mzima, mwenye duka Kariakoo, nafungwa mtandio kama mtoto wa chuoni!

Binti wa Kichina aliyeuza vifungo jirani na ghala letu, aliyekijua Kiswahili kiasi, ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu wake wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, bibi mwembamba aliyefundisha asubuhi kwenye bustani. Zoezi lake lilikuwa la watu wawili: mnagusanisha mikono, mmoja anasukuma, mwingine anapokea. Nilimwonea huruma. Mimi nainua marobota! Nikamgusa, naye akaniambia kwa upole, "Song."

Nikafurahi mno. Xiaobei wauzaji wengi wanajua vijineno vya kwetu, rafiki, bei, njoo, nikadhani huyu naye kaokota "songa." Basi nikasonga. Alichofanya sikukiona; nilijikuta nimekumbatia mti. "Song! Song!" akarudia, nami nikauma meno, nikasonga zaidi, nikaishia kwenye maua. Tuliendelea hivyo wiki tatu nzima. Bibi wa watu anapaza sauti, mimi naongeza nguvu, na wazee wa bustanini walianza kuja na viti vyao kututazama.

Siku muuza vifungo alipokuja tena, alishika kichwa. "Dada, hapana! Song siyo sukuma. Song ni legea. Legea, legea!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaudhika. Nilegee? Kwetu mlegevu ni tusi. Mama alinilea kwa neno moja, kaza. Hata hivyo nikajaribu, nikajiachia mwili mzima, na nilipoguswa tu nikaanguka puu. Mwalimu akatikisa kichwa. Akanigusa nyayo, akakishika kiuno changu akakigeuza taratibu, halafu akalishusha bega langu kwa kidole kimoja. Alieleza sana, na muuza vifungo akanifasiria alivyoweza: zipo nguvu za kukaza, hizo ni za msuli na zinaishia begani. Na zipo nyingine, zinatoka mguuni, zinapita kiunoni, mkono unazipitisha tu. Bega likikaza, zinakwama hapo hapo.

Miguu imeshika, kiuno kinazunguka, mkono unafuata. Lo, mbona hii naijua! Ni ugali. Nimesonga ugali wa shughuli tangu usichana, sufuria la watu hamsini, na anayetumia bega mwiko humshinda kabla ugali haujaiva. Nikamgusa mwalimu tena huku nikilifikiria sufuria. Alisema "song," nikalegea, na papo hapo nikasonga.

Bibi yule akarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa hatua moja tu, lakini alipiga makofi yeye mwenyewe, na wazee wakainuka vitini mwao kushangilia. Mimi nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Kuanzia hapo bega likaanza kuniachia kidogo kidogo. Mkono ulifika shavuni, halafu karibu na sikio. Asubuhi ya Idi ya kuchinja, shoga yangu alinijia na pini zake mdomoni. "Leo kaa kwanza," nikamwambia. Nikauinua mkono. Ulipokwama, nikajinong'oneza, song, nikalishusha bega. Mkono ukapita sikio, ukafika utosini.

Nikajifunga mtandio. Ulikaa upande, mkia mmoja mrefu, mwingine mfupi. Shoga yangu alizitoa pini mdomoni. Kisha akanyoosha mkono aurekebishe.

"Uache hivyo hivyo, shoga," nikamwambia. "Nimeufunga mwenyewe."