Bango la Injini Nne

Mume wangu alisafisha ndege ya serikali, ile ya rais, mpaka alipostaafu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, wala sina nyingine ya kumwongezea. Alifagia zulia, akapangusa viti, akasugua choo, na ndege ilipoingizwa karakanani alipanda ngazi akaosha tumbo lake kwa sabuni. Hakuruka nayo hata mara moja.

Mimi ni Mkuria wa Isebania, yeye alikuwa Mjaluo wa Karungu, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili. Kwa Kiswahili hicho alinisimulia ndege yake kama mtu anavyosimulia ng'ombe aliyemlea mwenyewe. Si kubwa, alisema. Njia ya kupita ndani ni moja tu. Zile za abiria wa kawaida zina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, lakini hii ya serikali ilipunguzwa viti ili wakubwa wanyooshe miguu. Toka pua hadi mkia ni karibu mita thelathini na moja, na ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni kama ishirini na nane. Injini ni mbili, na hazining'inii chini ya mabawa. Zimebandikwa ubavuni, nyuma kabisa, karibu na mkia.

"Ukikaa mbele husikii kitu," aliniambia. "Kelele yote wanaachiwa wa nyuma."

"Umejuaje na hujaruka?"

"Nimeambiwa na wanaopika chai humo ndani."

Alipofariki, mwili ulilala mochari Homa Bay. Ndugu yake mdogo, shemeji yangu, ndiye aliyeshika matayarisho yote. Alikuwa amekaa nami kando ya kitanda chake cha hospitali mpaka mwisho, na sitamsahau kwa hilo. Siku moja kabla ya kumleta marehemu nyumbani Karungu, alikuja na bango alilochapisha mjini, akalitandaza kwenye nyasi. Uso wa mume wangu ulikuwa unatabasamu. Chini yake palikuwa na ndege kubwa nyeupe, injini nne zimening'inia mabawani, na maneno: Injinia wa Ndege ya Rais.

"Shemeji," nikasema, "hii si ndege yake."

"Ndege ni ndege."

"Yake ina injini mbili. Na yeye hakuwa injinia."

Alilitazama bango, kisha akanitazama mimi. "Nyar Isebania," akaniita, yaani binti wa Isebania, "huku kwetu mtu hazikwi kama mtu mdogo. Na watu nishawaambia. Unataka niitwe mwongo mbele ya jeneza la ndugu yangu?"

Sikutaka. Lakini kwa desturi ya kule mjane husimama kando ya jeneza na kusema na watu, na mimi nisingeweza kusimama chini ya maneno yale.

"Sema tu alikuwa mume mwema," akaniomba. "Ya kazi yaache."

Sikumwahidi.

Kesho yake nilipewa kipaza sauti. Nikasema alikuwa mume mwema, maana alikuwa. Kisha nikasema, "Ndege hiyo ya kwenye bango siyo yake. Yake ni ndogo, na injini ziko nyuma. Kazi yake ilikuwa kuisafisha."

Mzee mmoja mvuvi, aliyekaa mbele, akauliza bila kuinuka, "Mama, na choo alikuwa anaosha nani?"

"Yeye."

"Hicho cha rais mwenyewe?"

"Hicho hicho. Alisema ni choo kama vyoo vingine."

"Basi huyu amekufa na siri nyingi kuliko mawaziri."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wanaouza samaki, kikapita hema hadi hema, na katekista aliyeongoza ibada akainamisha kichwa ili tusimwone. Sikuthubutu kumtazama shemeji.

Tukazika. Baadaye wapiga muziki wakaanza, na watu wakaingia kwenye pakruok, ile desturi ya Wajaluo ya mtu kusimamisha muziki ili ajisifu mbele ya wote. Mmoja alijisifu kwa mashua zake, mwingine kwa binti zake walioolewa mbali. Kisha shemeji akanyanyua mkono, muziki ukakatika.

"Mimi," akasema, "ni ndugu wa mtu aliyesugua choo cha serikali kikang'aa. Nani hapa ndugu yake amefika mpaka kule ndani?"

"Endelea, omera, ndugu yangu," akamwambia mpiga gitaa, na muziki ukarudi kwa nguvu. Alicheza peke yake kwanza, koti begani, halafu yule mzee mvuvi akamfuata.

Alipochoka alikuja kukaa karibu nami, jasho likimtiririka. "Umeniponza, shemeji," akasema, lakini alikuwa anacheka. Mtu akatuletea ugali na samaki katika sahani moja. Tangu msiba uanze nilikuwa naonja tu. Siku hiyo nilikula nikashiba.