Kiti cha Mtangani

Juzi nilifuata kigoda changu kwa seremala hapa Lamu, nikamkuta mama mmoja wa kijiji cha Mbwajumali ameketi juu ya benchi la kazi, kiti chake cha magurudumu, alichopewa hospitali, kimekunjwa kando. Magurudumu madogo ya mbele yalikuwa yakizama mchangani.

"Bi, warudishie hospitali wakupe kingine," fundi alimshauri.

"Wao wana sakafu, Bwana. Mimi naishi mtangani. Nitengezee mapana hivi," akanyoosha kiganja.

Fundi akachonga mawili ya mti, akayafunga. Alipotaka kuyajaribu ndani, mama akaonyesha nje kwa kidole. Kiti kikapita juu ya mchanga bila kuzama.

"Sasa waenda wapi, Bi?"

"Hospitali. Wakione kiti."

Nilirudi nimekisahau kigoda changu, nikizikumbuka ofisi zote nilizotoka kimya, nimebeba kisichonifaa, nikisema ahsante.