Siku Jicho Langu Lilipomkonyeza Mama Mkwe

Afadhali niwaambie mwenyewe, maana hapa Kamina habari hii imetembea kuliko pikipiki za Kaniama na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Ni kweli: nilimkonyeza mama mkwe wangu, mbele ya wazee wa pande zote mbili, siku ileile walipokaa kupanga tarehe ya ndoa yangu. Aibu hiyo ninayo mpaka leo, wala sijui nitaipeleka wapi. Ila nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mambo yote yalianza na samaki.

Papa, yaani baba wa Grâce mchumba wangu, ni karani mstaafu na mzee wa kanisa letu la Methodiste, na sebuleni kwake ana akwariamu, sanduku kubwa la kioo ambalo Jeannot, mwanawe wa kwanza, alimletea kutoka Lubumbashi pamoja na mifuko ya chumvi ya kuyafanya maji yawe ya bahari (bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona). Ndani mna samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na mna anemone, mnyama anayefanana na ua, ana vidole laini vinavyochoma kila kinachovigusa, isipokuwa samaki wa aina ile wakishamzoea. Mle ndimo nyumbani kwao, humo wanatakiwa kulala. Hawa wa Papa walikataa. Miezi na miezi walilala wamebanana kwenye bomba la pampu, kona ya pili, na lile ua hawakulisogelea, utafikiri ni nyumba ya mchawi.

Siku moja Mama, mkewe, akawatazama, akacheka, akasema: "Siku samaki zitaingia mu nyumba yao, njo siku Grâce ataingia mu yake."

Alicheka, ndiyo, lakini neno la mama mwenye binti halianguki chini. Mashangazi wakalirudia, majirani wakalirudia, na baada ya wiki chache hakuna aliyekuwa akicheka tena. Nami kwa domo langu, eti kwa kuwa nafundisha biolojia, nikasema: "Papa, samedi bazee bakikuya, batakuta samaki iko mu nyumba. Minyi njo najua haya mambo." Yaani mimi ndiye mjuzi.

Jumamosi ikafika, nikawahi na bidon ya maji, dumu la plastiki linaloonyesha ndani, niliyoikata kitako. Video moja kwenye simu ilinifundisha: unazima pampu ili maji yatulie, unawafunika samaki pamoja na anemone ndani ya kitu kinachoonyesha, unawaacha wazoeane, kisha unawasha upesi, kwa sababu maji yasiyotembea yanaishiwa hewa na samaki wanakufa. Hilo la kuwasha upesi lishikeni.

Grâce akatoka jikoni na gants za mpira, zile za njano za kuoshea sahani.

"Vaa. Ile kintu inaumaka."

"Chérie, weye unajua minyi ni professeur wa biologie."

Basi, kosa lenyewe ni hilo, dogo hivyo. Gants akaziweka mezani, akarudi jikoni bila neno (na mwanamke akirudi jikoni bila neno, ndugu zangu, mwogopeni Mungu).

Anemone alinichoma mkono kidogo tu, kama upupu, nikajiona mwanamume. Nikahangaika na wavu mpaka nikawanasa wote wawili, nikawafunika, nikazima pampu, jasho linanitiririka, na papo hapo nikasikia sauti za wazee mlangoni. Nikafuta jasho. Kwa mkono uleule. Jichoni.

Moto niliousikia siwezi kuwaeleza. Jicho la kulia likafumba lenyewe, likafumbuka, likafumba, na shavu likawa linavutwa juu nisitake. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wangu, akanikalisha pembeni yake kabla sijafungua mdomo, watu wakaingia, wakajaa, na Mama akaja wa mwisho, akaketi kwenye kiti kilichobaki, mbele kabisa ya akwariamu.

Mnajua mambo ya ukwe kwetu Baluba. Mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, hupiti mbele yake, na mkikutana njiani unamwachia njia unaingia majanini. Sasa kati yangu na swichi ya pampu amekaa mtu mmoja tu, na ndiye yule nisiyeruhusiwa kumpita. Nikainamisha kichwa.

Baba mdogo akafungua kwa sala. Akaanzia kwa Adamu, akakaa kwa Nuhu (maji tena!), akapitia Ibrahimu na mchumba wa Isaka, mimi na jicho langu moja zima nachungulia begani kwa Mama, naona samaki wanapanda juu mle ndani ya bidon, midomo inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba. Nikamvuta shati. "Baba mudogo, pompe..." Akanijibu katikati ya sala, macho yamefumbwa: "Nyamaza, bakwe banakuangalia." Nawaza, wakifa hawa, nani atanipa mke?

Amina ikasemwa. Papa akakohoa. "Ngoy, simama. Inua uso. Sema mbele ya mama yake: unamutaka Grâce?"

"Eyo vidye," nikajibu ndiyo kwa heshima ya Kiluba, nikainua uso, na jicho likafumba. Likafumbuka. Likafumba tena, polepole, na shavu likapanda pamoja nalo.

Mama akakauka. "Papa Jeannot. Huyu mutoto iko ananifungia jicho?"

"Hapana, Mama!" nikapiga kelele, na lenyewe likamkonyeza mara nyingine.

Mama akasimama, akakaza kikwembe chake kiunoni. "Minyi naenda. Hakuna date, hakuna ndoa." Na aliposimama nikaona vizuri nyuma yake: samaki mdogo amelala ubavu. Hapo sikufikiri tena. Nilimpita mama mkwe wangu mbele, nikamruka miguu (naam, nilimruka), nikanyanyua bidon, nikawasha pampu. Mdogo akatetemeka, akajigeuza, na wote wawili wakakimbilia wapi? Kwenye bomba lao.

Wakati huo Grâce amesimama mlangoni na gants za njano mkononi.

"Mama, hakukufungia jicho. Ile fleur ya mu maji ilimuchoma. Nilimuambia avae gants."

Mama akazitazama gants, akanitazama mimi. "Ulimuambia?"

"Nilimuambia."

"Na alikataa?"

Grâce akasita, maskini. "Alikataa."

"Ah! Sasa njo mubaya zaidi," Mama akasema. "Ndoa bado, na hasikie bibi yake!" Wanawake wote wakaitikia, hata shangazi yangu mwenyewe. Hukumu ikatoka: nilete kuku wa kuondoa aibu, na tarehe itasubiri samaki waingie wenyewe, mtu asiwaguse.

Kuku nilimpeleka kesho yake. Jicho likapona. Samaki hawakuingia. Kila jioni nampigia Grâce, "Zimeingia?" naye, "Bado," na kila siku sauti yake inazidi kuwa ndogo, nami siku zile sikulala vizuri, kwa sababu nilimpenda kweli na ndoa yangu yote ilikuwa imeshikwa na viumbe wawili wasio na mikono, wanaopenda bomba.

Kisha siku moja nipo darasani, chaki mkononi, simu ikalia. Huwa sipokei darasani. Nilipokea.

"Mama anasema nikuambie," Grâce akasema, na nikasikia anacheka huku analia. "Anasema: ambia ule Monsieur Jicho, samaki zimeingia. Zinalala mule tangu jana, na hakuna mutu alizisukuma. Alete bazee bake."

Tumeoana. Jina la Monsieur Jicho limebaki, hata wanafunzi wanalo. Nami nimeapa: Grâce akiniambia vaa gants, navaa, hata kama ninakwenda kumenya kitunguu.